Mti wa Kamusi: Kipengele na Sifa katika Uandishi wa Maneno ya Unguja

I

Vitabu viwili vikubwa vya maneno ya Kiswahili, vilivyotungwa na wenyeji wa lugha yenyewe, vinahitilafiana juu ya jalada kabla msomaji hajafungua ukurasa wa kwanza. Kitabu cha Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam, kilichotoka katika mwaka wa 1981, kinaitwa Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Kitabu cha Baraza la Kiswahili la Zanzibar, kilichotoka katika mwaka wa 2010, kinaitwa Kamusi la Kiswahili Fasaha. Neno ni lile lile na maana yake ni ile ile; lakini huku ni ya, na huku ni la.

Msomaji wa kawaida huipita tofauti hii bila ya kusita. Mtu aliyepewa kazi ya kuziandika kamusi hizo upya, kwa namna itakayosomwa na mashine, hawezi kuipita. Hana budi kusema neno kamusi ni la ngeli gani, na huenda akakuta kwamba mahali alipotengewa kuliandika jibu hilo panatosha jibu moja tu. Akiandika moja, amewanyima haki wenye jibu la pili. Akitaka kuandika yote mawili, itampasa kwanza abadili umbo la waraka wake, kisha aseme kila jibu ni la nani.

Nia ya makala haya ni kueleza historia ya swali la namna hiyo katika vitabu vya maneno vilivyotokana na usemi wa Unguja, tangu siku za Askofu Steere hadi leo. Fundi wa nyaraka huuliza: lipi liandikwe kuwa kipengele, na lipi liandikwe kuwa sifa? Tutajaribu kuonyesha kwamba swali hilo halikuletwa na mashine. Watunga kamusi walilijibu mara tatu, katika miaka ya 1870, 1903 na 1939, na kila mara jibu lenyewe halikuzidi maneno machache ya jalada. Matokeo ya majibu hayo tunayo hata sasa, na yanawagusa zaidi watu wa Makunduchi na Tumbatu kuliko watu wa mjini.

II

Kwanza yafaa tukubaliane juu ya maana za maneno. Waraka uliowekewa alama ni maandishi ya kawaida ambayo ndani yake zimetiwa lebo za kuonyesha kila sehemu yaanzia wapi na yaishia wapi. Sehemu hiyo, pamoja na lebo yake ya kufungulia, lebo yake ya kufungia, na yote yaliyomo baina yao, ndiyo iitwayo kipengele. Kipengele chaweza kuchukua vipengele vingine ndani yake, na hivyo navyo vyaweza kuchukua vingine, mpaka tufike kwenye maneno yenyewe. Sharti ni moja tu: kilichofunguliwa ndani hufungwa ndani kabla cha nje hakijafungwa, kama makasha yaliyotiwa moja ndani ya jingine. Kwa sababu ya sharti hilo waraka mzima huwa na umbo la mti. Una shina moja, matawi, vitawi na majani; na kila tawi lina mzazi mmoja, wala halina wawili.

Sifa huandikwa ndani ya lebo ya kufungulia. Ina jina, na ina thamani iliyotiwa baina ya alama za kunukuu. Sifa haiongezi tawi katika mti. Hulieleza tawi lililoibeba. Kanuni zake zilizo muhimu kwa kazi yetu ni tatu. Ya kwanza, sifa ya jina moja haiwezi kuandikwa mara mbili juu ya kipengele kimoja. Ya pili, mfuatano wa sifa hauna maana: hapana iliyo ya mbele wala ya nyuma. Ya tatu, sifa haizai: ndani yake haiwezi kutiwa kipengele. Kipengele ni kinyume cha hayo yote. Chaweza kurudiwa, mfuatano wake una maana, nacho chaweza kuzaa.

Kuna jambo la nne, nalo ndilo lenye uzito kuliko yote kwa historia yetu. Zipo sifa zinazorithiwa. Sifa ya lugha, iitwayo xml:lang, ikiandikwa juu ya shina huenea kwa vizazi vyote vilivyo chini yake, mpaka pale kizazi kimoja kitakapoandikiwa lugha nyingine. Kwa hiyo jani laweza kuwa na sifa ambayo haikuandikwa juu yake. Lakini tawi hilo likikatwa katika mti wake na kupandikizwa katika mti mwingine, urithi wake hauendi pamoja nalo. Litachukua urithi wa shina jipya, na hakuna atakayejua kwamba limebadilika.

Elimu hii ilipata umbo lake la sasa katika muda wa miaka 12. SGML ilikubaliwa kuwa kawaida ya kimataifa katika mwaka wa 1986. Mwaka uliofuata wataalamu wa matini walikutana Poughkeepsie, huko Marekani, wakaanzisha kazi iliyokuja kujulikana kwa herufi TEI, ambayo miongozo yake ina sura nzima juu ya kamusi. XML, iliyo nyepesi kuliko SGML, ilitolewa tarehe 10 Februari 1998. Majina ya vipengele katika XML huchaguliwa na mwandishi mwenyewe, kwa hiyo hapana kizuizi cha kuviita kidahizo, maana, mfano au methali, kama tutakavyofanya hapa chini.

III

Edward Steere aliwasili Unguja katika mwaka wa 1864 pamoja na Askofu Tozer wa Misheni ya Vyuo Vikuu. Baada ya miaka sita kitabu chake cha sarufi na maneno kilichapishwa, na jina lake lilisema wazi kwamba kilihusu Kiswahili kama kinavyosemwa Zanzibar. Maneno hayo ya mwisho ndiyo tunayotaka msomaji ayashike. Ndani ya orodha ya maneno, yale yaliyotoka Amu na Mvita yalitiwa herufi za kuonyesha kwao. Yale ya mjini Unguja hayakutiwa kitu, wala hapakuwa na haja. Sifa yao ilikwisha kuandikwa juu ya jalada, nao waliirithi kutoka huko.

Huu ulikuwa uandishi mwema. Mwandishi alitaja mahali pake mara moja, kisha akataja kila kilichotoka nje ya mahali hapo. Fundi wa leo angefanya vivyo hivyo: angeandika sifa juu ya shina, na angeandika sifa nyingine juu ya matawi machache yanayohitilafiana na shina.

Hata hivyo neno Zanzibar juu ya jalada lile lilikuwa na maana finyu kuliko linavyoonekana. Steere alisikia Kiswahili mjini. Mji wenyewe wa siku zile ulikuwa na watu wa Arabia na India, wa Ngazija na Mrima, na maelfu ya waliotolewa Bara kwa nguvu. Soko la watumwa lilifungwa katika mwaka wa 1873, na mahali pake, Mkunazini, ndipo palipojengwa kanisa kuu ambamo Steere mwenyewe alizikwa katika mwaka wa 1882. Usemi wa mji wa namna hiyo ndio uliokuwa mbele yake. Usemi wa kusini ya kisiwa, kwa watu wa Makunduchi, Jambiani na Kizimkazi, na usemi wa Tumbatu upande wa kaskazini, haukuwa ndio asili ya kitabu. Basi katika shina la kwanza la kamusi zetu, jina la kisiwa lilisimama mahali pa jina la mji.

IV

Katika mwaka ule ule wa 1882 ilitoka kamusi ya Johann Ludwig Krapf, baada ya mwandishi wake kufariki. Krapf alikaa Mombasa na nchi za karibu yake, na maneno yake kwa sehemu kubwa ni ya huko. Kwa hiyo wanafunzi wa lugha walipata miti miwili iliyokaa mbalimbali, kila mmoja na shina lake. Neno teka latosha kuwa mfano. Kwa mtu wa mjini Unguja, kuteka ni kuchota maji, au kunyakua mali na watu vitani. Mtu wa Mvita husema kuteka vilevile kwa maana ya kucheka, kwa t inayotamkwa ulimi ukigusa meno. Ni kama asemavyo mato kwa macho, na ndia kwa njia. Katika usemi t hizo mbili ni sauti mbalimbali kwake. Katika maandishi yetu ya kawaida tofauti hiyo hupotea. Neno teka likichukuliwa katika mti wa Mvita na kutiwa katika mti wa Unguja bila ya kuandikiwa sifa yake, msomaji atadhani kwamba Waswahili hucheka na kuchota maji kwa neno moja.

A. C. Madan, naye wa misheni ya Unguja, aliufuata mti wa Steere. Kamusi yake ya Kiingereza kwa Kiswahili ilitoka katika mwaka wa 1894, na ile ya Kiswahili kwa Kiingereza ikatoka katika mwaka wa 1903. Maneno yake yalisimama juu ya msingi wa Unguja kama yale ya mtangulizi wake. Lakini jalada la 1903 halitaji mahali tena. Lasema Kiswahili, basi. Hilo ni jibu la pili kwa swali letu. Sifa ya shina ilifutwa na majani yakabaki kama yalivyokuwa.

Njia nyingine ilifuatwa na Padre Charles Sacleux, aliyewasili Unguja katika mwaka wa 1879. Kabla ya kamusi yake kubwa alitoa sarufi ya lahaja za Kiswahili katika mwaka wa 1909, na kamusi yenyewe ikatoka Paris baina ya miaka ya 1939 na 1941, yenye kurasa zaidi ya elfu moja. Kwake yeye neno moja laweza kubeba vifupisho kadha vya mahali, kila kimoja karibu na umbo au maana inayohusika. Sacleux hakuiamini sana sifa ya shina. Aliiteremsha mpaka kwenye vitawi, na kwa sababu hiyo kitabu chake ni kizito kukisoma, lakini ni chepesi kukigeuza kuwa waraka wa alama kuliko vyote vya zama zake.

V

Mkutano uliofanyika Mombasa katika mwaka wa 1928 uliuchagua usemi wa mjini Unguja uwe msingi wa Kiswahili cha shule na vitabu katika nchi za Afrika ya Mashariki. Halmashauri ya lugha iliyoundwa kwa kazi hiyo ilianza tarehe 1 Januari 1930, kwa Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Matunda yake makubwa yalikuwa kamusi mbili zilizosimamiwa na Frederick Johnson na kutolewa katika mwaka wa 1939, zilizojengwa juu ya kazi ya Madan. Majina yao yaliongeza neno ambalo halikuwapo katika mwaka wa 1903, yaani Sanifu.

Historia ya uamuzi huo wa 1928 imeandikwa mara nyingi, na hatuna haja ya kuirudia. Linalotuhusu ni umbo lake. Maneno yaliyokusanywa mjini Unguja yalikatwa katika mti wa kwanza, ambao shina lake lilisema Zanzibar, yakapandikizwa katika mti ambao shina lake lilisema Sanifu. Majani yalikuwa yale yale, na kwa kuwa hayakuwa na alama juu yao, hayakuonyesha dalili ya kuhama. Maneno ya Mvita na Amu yaliingia na herufi zao kama kwanza. Lakini maana ya herufi hizo ilikuwa imegeuka. Katika mti wa Steere, herufi ya Amu ilisema: neno hili ni la Amu, na lile jingine ni la Unguja. Katika mti wa Johnson, herufi ile ile ilisema: neno hili ni la Amu, na lile jingine ni Kiswahili.

Hapana aliyeandika sentensi hiyo. Haikuwa na haja ya kuandikwa, kwa sababu ilirithiwa kutoka juu. Ndiyo maana imekuwa taabu kuijadili. Mwenye kutaka kuipinga hana ukurasa wa kuuonyesha kidole.

Watu wa mjini Unguja wenyewe walipata kitu na wakapoteza kitu. Usemi wao ulipata heshima ya kuwa kipimo. Lakini ulipoteza jina lake, na baada ya miaka michache wataalamu wa Bara waliweza kumwambia Mzanzibari kwamba neno lake si sanifu, bila ya kukumbuka kipimo kilitoka wapi. Tofauti ya Kamusi ya na Kamusi la yafaa kusomwa katika nuru hiyo. Baraza la Zanzibar lilipochagua neno Fasaha mahali pa Sanifu, liliandika tena juu ya shina.

VI

Hasara kubwa zaidi iliwapata wasemaji wa shamba. Katika mti wa Steere wao walifunikwa na jina la kisiwa. Katika mti wa Johnson walifunikwa na jina la lugha nzima. W. H. Ingrams aliandika juu ya lahaja za milki ya Zanzibar katika mwaka wa 1924, na W. H. Whiteley akatoa utangulizi wake juu ya lahaja za shamba za Unguja katika jarida la halmashauri mnamo mwaka wa 1959. Bwana Haji Chum, aliyekusanya maneno ya kwao wenyewe, alipata kuona orodha yake ya Kikae ikitolewa Uppsala katika mwaka wa 1994. Bibi Odile Racine-Issa alitoa maelezo marefu ya lahaja hiyo katika mwaka wa 2002, na Baraza la Kiswahili la Zanzibar limetoa kamusi ya Kimakunduchi katika mwaka wa 2012. Kwa hiyo maneno yako, na yameandikwa. Lililobaki ni kuamua yaingie wapi katika mti.

Tuchukue neno moja linalojulikana na kila mtu kisiwani. Kila mwaka mwezi wa Julai watu wa Makunduchi huadhimisha Mwaka Kogwa. Mtu wa mjini, au mwanafunzi wa Kiswahili sanifu, akilisikia neno kogwa hulinganisha mara moja na koga na oga. Ataona ile w kabla ya kiishio, ataihesabu kuwa ni alama ya kutendwa, na ataliandika neno kuwa kitawi kidogo chini ya oga. Anaweza kufanya hivyo kwa dakika moja, na programu iliyofundishwa kanuni za sarufi sanifu itafanya hivyo kwa haraka zaidi. Lakini kuliweka neno chini ya tawi fulani ni kutoa hukumu juu ya asili yake. Ikiwa wenyewe wa Makunduchi hulitumia neno hilo kwa kitendo cha yule anayeoga, basi halikutokana na oga ya mjini. Ni ndugu yake, na mahali pake ni kando yake, si chini yake. Swali hilo hujibiwa na msemaji, wala halijibiwi na kanuni ya jirani yake.

Hapo ndipo inapoonekana kwamba nafasi katika mti husema kama sifa isemavyo. Aliye mzazi na aliye mwana hujulikana kwa nafasi tu, hata pasipo neno moja la maelezo.

VII

Jambo hilo la nafasi lina historia yake katika kamusi zetu. Johnson aliyakusanya maneno yaliyotokana chini ya neno mama. Mwenye kutaka kujua mpishi na upishi aliongozwa kwenye pika, na hapo aliukuta ukoo mzima. Njia hiyo ilionyesha vizuri jinsi Kiswahili kinavyozaa maneno, lakini ilimtaka msomaji awe anaijua sarufi kabla ya kulipata neno. Kamusi ya 1981 ilivunja mti huo. Mpishi alipewa kidahizo chake mwenyewe chini ya herufi M, na kauli za kitenzi zikaorodheshwa kwa vifupisho mwishoni mwa maelezo ya kitenzi chenyewe. Watoto wa shule walinufaika, na ukoo ukatawanyika.

Kwa waraka wa alama hapana sababu ya kuchagua baina ya manufaa hayo mawili. Kila kidahizo chaweza kusimama peke yake na kupewa sifa ya kitambulisho isiyofanana na ya kidahizo kingine chochote. Kisha mpishi hubeba sifa ya pili inayotaja kitambulisho cha pika. Mti hubaki wazi na mfupi, na ukoo huhifadhiwa kwa viungo vinavyopita juu ya matawi.

Yeyote aliyesoma chuoni Unguja, awe wa Malindi au wa Ng'ambo, amewahi kukutana na shida hii akiwa mtoto, ingawa hakuiita hivyo. Msahafu una sura 114, na sura zina aya. Lakini Msahafu huo huo una juzuu 30, na kila juzuu ina hizbu mbili. Migawanyo hii miwili haiingiani kama kasha ndani ya kasha. Juzuu ya pili huanzia aya ya 142 ya Sura ya Bakara, na ya tatu huanzia aya ya 253 ya sura hiyo hiyo, kabla sura haijakwisha. Kwa upande wa pili, Juzuu Amma peke yake imekusanya sura nyingi fupi. Kama sura ni kipengele na juzuu ni kipengele, basi kimoja kitafungwa katikati ya kingine, na sharti la mti litavunjika.

Waandishi wa misahafu walipata njia karne nyingi zilizopita. Walifanya sura na aya kuwa mgawanyo wa maandishi yenyewe, na juzuu na hizbu wakazionyesha kwa alama pembeni, kila mahali zinapoanza. Wataalamu wa TEI walifika kwenye njia ile ile: mgawanyo mmoja huchaguliwa kuwa mti, na mwingine huonyeshwa kwa vipengele vitupu, visivyo na kitu ndani yake, vinavyosimama kama mawe ya mpaka. Msahafu hautaji jambo hilo kuwa upungufu. Lakini unatufundisha kwamba mti mmoja hautoshi kwa kitabu chenye migawanyo miwili, na kwamba mwandishi mwaminifu huuonyesha hata ule mgawanyo ambao hakuufanya kuwa shina.

Kamusi ya maneno ya Unguja ni kitabu cha namna hiyo. Ina mgawanyo wa alfabeti, ina mgawanyo wa koo za maneno, na ina mgawanyo wa mahali. Wa kwanza umefanywa mti kwa sababu ya urahisi. Wa pili umehifadhiwa kwa viungo. Wa tatu ndio uliopotea mara kwa mara, kwa sababu uliwekwa juu ya jalada, na jalada ndilo la kwanza kubadilishwa kitabu kinapochapwa upya.

VIII

Turudi sasa kwenye neno tulilolianzia. Mwandishi akiiandika ngeli kuwa sifa ya kidahizo, hana nafasi ila ya thamani moja, na hitilafu ya vitabu viwili haiandikiki. Akiiandika kuwa kipengele, aweza kuandika hivi:

<kidahizo kitambulisho="kamusi">
  <umbo>kamusi</umbo>
  <aina>nomino</aina>
  <upatanisho chanzo="TUKI 1981">kamusi ya</upatanisho>
  <upatanisho chanzo="BAKIZA 2010">kamusi la</upatanisho>
</kidahizo>

Hapa hapana aliyenyimwa. Kipengele upatanisho kimerudiwa, kwa kuwa jambo lenyewe lina majibu mawili. Chanzo kimebaki sifa, kwa kuwa kila jibu lina chanzo kimoja. Na msomaji ataona kwamba hakuna jibu lililoachwa bila ya sifa. Kama tungeliandika la pili peke yake pamoja na chanzo chake, na la kwanza tukaliacha wazi, tungelikuwa tumerudia tendo la 1939 katika mistari sita.

Kutokana na hayo tunatoa kwa wenzetu mapendekezo manne.

La kwanza, jambo lolote linaloweza kuwa na majibu mawili kwa wasemaji wawili liandikwe kuwa kipengele. Ngeli, matamshi, maana na kauli zote ni za kundi hilo. Sifa ziachiwe mambo yaliyo mamoja kwa hakika: kitambulisho, chanzo, tarehe ya kukusanywa.

La pili, kitabu cha zamani kinapoandikwa upya, maneno ya jalada lake yateremshwe mpaka kwenye kila kidahizo kabla vidahizo havijachanganywa na vya kitabu kingine. Neno lililotoka kwa Steere lichukue mji wake na mwaka wake pamoja nalo, ili tawi likikatwa lisikose jina la shina lake la kwanza.

La tatu, usemi wa mjini Unguja utajwe kwa jina lake kama unavyotajwa usemi wa Makunduchi, wa Tumbatu, wa Mvita na wa Amu. Sanifu nayo iandikwe kuwa sifa miongoni mwa sifa, yenye chanzo na mwaka; isiwe ile hali ya kutokuwa na alama.

La nne, pale ambapo mahali pa neno hapajulikani, iandikwe kwamba hapajulikani. Sifa isiyokuwapo na sifa isemayo haijulikani si kitu kimoja. Ya pili humwita mtafiti aende kuuliza. Ya kwanza humwambia kwamba hakuna la kuulizwa.

IX

Huenda mtu akasema kwamba haya ni mambo madogo ya mafundi, na kwamba lugha haidhuriki kwa lebo iliyokosekana. Tungekubali, kama vitabu vingebaki vitabu. Lakini tangu mwaka wa 1994, ilipoanzishwa kamusi ya Kiswahili ya intaneti katika Chuo Kikuu cha Yale, na tangu matini za Kiswahili zilipokusanywa Helsinki na kila neno likatiwa alama za sarufi, maneno yetu husafiri bila ya majalada yao. Programu za kusahihisha tahajia na za kutafsiri hulisoma jani, hazimsomi aliyelipanda. Neno la Makunduchi ambalo halikutiwa katika mti huhesabiwa kosa na kupigiwa mstari mwekundu chini yake, na mtoto wa Makunduchi anayeandika neno la bibi yake huona mstari huo.

Askofu Steere alitaja mahali pake juu ya jalada. Miaka zaidi ya 150 imepita tangu hapo, na bado yafaa tumfuate katika jambo hilo moja, isipokuwa kwamba sisi tunao uwezo wa kuandika mahali hapo juu ya kila neno, ambao yeye hakuwa nao. Kazi si ngumu kwa mwenye subira. Tungependa kuona ikianzwa Unguja, na ikianzwa na orodha za shamba kabla ya zile za mjini, kwa kuwa wasemaji wanaoweza kutuambia kogwa ni mwana wa nani wangali wako Makunduchi.